Kabureta Kubwa ya Nyar Kosele

Nilipowakabidhi funguo za gereji, vijana wangu, mlinipa vitu vitatu: kiti cha plastiki, keki na ombi. Kiti ndicho nimekalia sasa. Keki wajukuu waliimaliza kabla sijaonja. Limebaki ombi, kwamba niwaandikie jinsi ya kuchagua saizi ya kabureta kwa injini ya mbio, maana magari mengi mnayoyashika siku hizi hurushiwa petroli kwa amri ya kompyuta, na mtu akiwaletea injini ya kabureta mnamtazama kama aliyeleta mbuzi hospitalini.

Nitaandika. Habari za kupanda cheo msizitarajie, kwa sababu katika gereji yetu vyeo vilikuwa viwili tu: anayetafuta spana na anayelaumiwa kwa kuipoteza. Nimeshika vyote viwili, mara nyingine kwa siku moja.

Nilifika Awendo nikitoka upande wa Kehancha, Mkuria nisiyejua hata Kijaluo cha kuombea maji. Mama alikuwa amenipigia pasi shati jeupe, akidhani gereji ni aina ya ofisi. Mwenye gereji alikuwa Mzee Okech, mtu mfupi, mnene wa shingo, aliyetengeneza matrekta ya kuvuta miwa kwa miaka mingi kabla ya kujijengea banda lake la mabati kando ya barabara. Malori ya miwa yalipita mlangoni yakidondosha mzigo, nasi tukiokota na kutafuna huku tukifanya kazi. Ndiyo maana spana zote za gereji ile zilikuwa zinanata.

Mzee alilitazama shati langu kwa muda.

"Wewe umevaa kama mtu anaenda kuona wakwe. Kabureta unajua?"

"Ndiyo, mzee. Inachanganya petroli na hewa."

"Hiyo hata ng'ombe ya jirani inajua. Kuja hapa."

Alichukua kikombe chake cha chai, akasimamisha ndani yake mrija mwembamba wa soda. Akanipa kipande cha bomba la radieta, pana kiasi cha kuingiza vidole vitatu, akaniambia nipulizie juu ya ncha ya mrija. Nilipuliza mpaka nikaona nyota. Chai haikutikisika. Kisha akanipa kipande kifupi cha bomba jembamba la breki, akasema nipulize tena, taratibu. Chai ikapanda mrijani na kuruka kama mvua ya manyunyu, yote ikatua kwenye shati la mama.

"Pumzi ni yako ile ile," alisema. "Koo ndiyo imebadilika. Sasa enda uvae ovaroli."

Nimesoma vitabu kadhaa tangu siku ile na sijaona palipoelezwa vizuri zaidi. Hewa ikipita kwenye koo jembamba hukimbia, na ikikimbia huinyonya petroli na kuipasua kuwa ukungu. Koo likiwa pana, hewa hupita ikitembea, na petroli hubaki chini au hupanda kwa matone mazito yasiyoungua. Lakini koo likiwa jembamba mno, injini ikipanda kasi hukosa hewa, kama mtu anayepanda kilima huku ameziba pua moja. Basi kazi yote ya kuchagua kabureta ni kukaa katikati ya shida hizo mbili, na kujua ni shida ipi mwenye gari anaweza kuishi nayo.

Hesabu yenyewe si ngumu. Injini yetu ya kawaida huvuta hewa mara moja katika kila mizunguko miwili. Kwa hiyo injini ya lita mbili ikizunguka mara elfu sita kwa dakika ingemeza lita elfu sita za hewa katika dakika hiyo, kama ingekuwa inajaza tumbo lake lote. Haijazi. Injini ya kawaida iliyochoka huacha nafasi kubwa, na iliyochongwa vizuri vichwa na valvu huacha ndogo. Punguza kiasi, kisha tafuta koo linaloweza kupitisha hewa hiyo. Hadi hapo mtu yeyote mwenye kalamu anafika.

Tatizo ni kwamba hesabu hiyo hukuambia injini inahitaji nini ikiwa juu kabisa, na haisemi kama huwa inafika huko. Mzee Okech hakuuliza wateja wanataka nguvu kiasi gani, kwa kuwa alijua jibu. Aliuliza swali moja, na mteja mgeni alidhani mzee amechanganyikiwa: "Hii injini inaishi wapi?"

Wengi walijibu Rongo, au Migori mjini. Yeye alimaanisha mshale wa mizunguko, ule unaoonyesha injini inazunguka mara ngapi kwa dakika. Unakaa chini, katikati au juu? Unatembelea wapi, na unalala wapi? Hakukubali mteja amjibie. Alimweka mtu wake ndani ya gari aende akaone, na mtu huyo nilikuwa mimi, na kifaa changu kilikuwa kipande cha sabuni ya kufulia. Nilikaa karibu na dereva, na kila mara gari lilipotoka kwenye kona nilichora mstari kwenye kioo cha mshale, pale mshale ulipokuwa. Tuliporudi, mzee alitazama pale ambapo kioo kilikuwa cheupe zaidi. Huko ndiko ilikoishi injini, na kabureta ilichaguliwa kwa ajili ya huko.

Msije mkadhani alipenda ndogo tu. Wakati mmoja tuliitwa kisiwani Takawiri na kijana aliyekuwa na boti ya mashindano. Mzee aliogopa maji kuliko alivyoogopa moto. Alivuka amekaa katikati ya boti, Biblia kwenye paja moja na sanduku la kabureta kwenye jingine, macho amefumba. Tulikuta injini ambayo ikishaondoka ufukweni haishuki kasi hadi mwisho wa mbio. Mzee aliifungia koo pana kabisa tulilokuwa nalo. Pale ufukweni boti ilikohoa na kugoma, wenyewe wakalalamika.

"Hapa kuna watu ya kusukuma," aliwaambia. "Kule katikati ya maji itasukumwa na nani?"

Wakaisukuma hadi kwenye kina, ikashika, na tukaona povu tu. Mzee alifurahi hata akasahau kufumba macho tulipokuwa tunarudi.

Sasa nimefika kwa Owino, na hapa nitakaa, kwa sababu nilimpenda.

Owino alikuwa mchuuzi wa samaki kutoka Kosele. Alinunua Homa Bay na kuuza popote barafu ilipokubali. Jumapili aliendesha gari la saluni, jeupe, la kale, injini ya lita mbili iliyochongwa na sisi wenyewe, katika mbio za vumbi zilizofanywa na wapenzi wa magari huku kwetu, leo uwanja huu, kesho shamba lililovunwa. Gari aliliita Nyar Kosele, yaani binti wa Kosele, na alilisalimu kila asubuhi kabla ya kumsalimu mkewe. Mkewe, Mama Achieng', ndiye aliyenisimulia, na hakuwa anatania.

Siku moja akaja na kifurushi kimefungwa kwenye blanketi. Ndani mlikuwa na kabureta ya makoo mawili, kubwa, inang'aa, makoo yenyewe mapana kiasi kwamba kuku angeweza kutaga humo. Alikuwa ameitoa Nairobi. Mzee Okech aliizungusha mikononi kwa heshima zote, akairudisha kwenye blanketi.

"Nzuri. Tafuta gari yake."

"Mzee! Gari si ndiyo hiyo?"

Mzee akanituma na sabuni. Tulizunguka uwanja wa mbio, wenye kona baada ya kona na kipande kimoja tu kilichonyooka, tukarudi. Kioo kilikuwa cheupe chini na katikati. Juu palikuwa na mistari michache ya aibu. Mzee akashusha kutoka kwenye rafu kabureta ndogo, nyeusi, isiyo na sura, iliyotoka kwenye gari la kubebea mikate, akasema hiyo ndiyo.

Owino aliitazama kama mtu aliyeonyeshwa mchumba asiyemtaka.

"Omera, ndugu yangu," aliniambia mimi, maana kwa mzee hakuthubutu, "watu wakisema fungua boneti, nifungue waone hiyo?"

Hapo ndipo mimi Mkuria nilipoanza kuwaelewa majirani zangu wa ziwani. Sisi tukinunua ng'ombe tunamtazama mguu na kiwele. Rafiki zangu Wajaluo humtazama pia vile atakavyoonekana akiingia bomani watu wakiwapo. Wenyewe huita nyadhi, maringo yasiyo na ubaya ndani yake, na kabureta ya Owino ilichaguliwa kwa nyadhi. Aliipima boneti ikiwa wazi na injini ikiwa imezimwa, mbele ya watu. Kwa kipimo hicho haikuwa na mpinzani kuanzia Kosele hadi mpakani.

Tuliifunga. Mteja akishashauriwa, gari ni lake. Na kila Jumapili ikawa ni mambo yale yale. Owino akiingia kona, Nyar Kosele ilikohoa, ikajikunja, ikafikiri. Wote wakampita. Akifika kwenye kile kipande kilichonyooka injini iliamka na kupiga kelele ambayo ilisikika hadi sokoni, watu wakaruka na kupiga vigelegele, na kabla kelele haijaisha kona nyingine ikawa imefika. Alimaliza wa mwisho au karibu na wa mwisho, akateremka, akafungua boneti, na umati ukamwacha mshindi peke yake na kombe lake.

Ile ndogo mzee aliipaka mafuta, akaifunga kwenye mfuko wa unga pamoja na bomba la kuingizia hewa tulilolichonga kwa ajili yake, akairudisha kwenye rafu. "Hiyo usiuze," aliniambia, na alipozeeka na kuniachia gereji alinikumbusha tena. Owino kila alipokuja aliuinua mkono kuelekea kwenye rafu na kuusalimu ule mfuko: "Bado uko, mdogo wangu?" Kisha akanigeukia: "Hiyo mtanifungia nikishakufa." Tulicheka. Alisema hivyo miaka yote, kwetu na kwa mkewe, nasi tulicheka miaka yote.

Mwaka huu, ugonjwa wa sukari uliokuwa unamsumbua Owino ukamshinda. Nilikuwa nimeanza kukusanya vifaa vyangu nistaafu. Nilienda Kosele, nikakaa na wanaume wengine kwenye viti vya kukodi, nikalia bila kuficha. Mama Achieng' alinikuta hapo.

"Yuora," aliniambia, ndivyo alivyoniita siku zote, shemeji, ingawa hatukuwa na undugu isipokuwa wa gari. "Kuja nyuma ya nyumba."

Nyar Kosele ilikuwa imesimama chini ya mabati, vumbi juu. Akanieleza. Siku baada ya mazishi wangefanya tero buru, desturi yao ya kutoka na ng'ombe, ngoma na filimbi kukifukuza kifo mbali na boma la mwanamume aliyefariki. Mbele hutembea ng'ombe na watu wanaimba, siku hizi nyuma yao pikipiki na magari, mwendo wa mguu, hadi kwenye kijito cha mpakani, kisha wanageuka na kurudi nyumbani kwa mbio. Owino alikuwa amemwomba mkewe jambo moja kitandani, gari liende. Lakini kaka yake mkubwa, Jaduong' Ouma, yaani Mzee Ouma, alikuwa amekataa.

"Anasema hiyo gari inajulikana," Mama Achieng' aliniambia. "Ng'ombe wakitembea pole, itakohoa, itazima. Tunafukuza kifo, halafu gari ya marehemu inakufa kwa barabara watu wakiona? Anasema hiyo ni aibu ya boma mzima. Na mimi nilimwahidi, yuora. Nilimwahidi akiwa anasikia. Itafika?"

Kwa ile kubwa haingefika hata langoni. Nilijua, na Jaduong' Ouma alijua, na nadhani kuku wa pale walijua.

"Itafika," nikasema.

Nilirudi Awendo nikateremsha mfuko wa unga. Niliifungua ile ndogo, nikasafisha jeti, vile vitundu vya kupitishia petroli, nikabadilisha gasketi, nikalinganisha boya la bakuli la petroli. Kosele niliifunga nikiwa peke yangu na boneti imefunikwa shuka, maana sikutaka mtu aniulize. Injini iliwaka mara ya kwanza na kutulia, mlio mdogo, laini, kama cherehani. Nilifurahi kama fundi na nikajisikia msaliti kama rafiki, vyote kwa pamoja.

Aliyeendesha alikuwa Achieng', bintiye wa kwanza, aliyefundishwa na baba yake kuendesha na kujibu watu. Mimi nilikaa kando yake, na mfukoni nilikuwa na kipande cha sabuni. Sijui kwa nini nilikibeba. Mbele yetu ng'ombe walitifua vumbi, wanaume walipiga filimbi na kutikisa matawi, wakilitaja jina lake. Jaduong' Ouma alitembea ubavuni mwa gari, karibu kabisa na dirisha langu, akisikiliza. Ng'ombe waliposimama, tulisimama. Walipotembea, tulitembea. Mshale ulilala chini na injini haikukohoa hata kidogo. Kufika kijitoni Jaduong' Ouma aliweka mkono wake dirishani.

"Mkuria," alisema, "umeifanya nini?"

"Nimeisikiliza tu, Jaduong'."

Kisha ng'ombe wakageuzwa, watu wakaanza kukimbia, na Achieng' akakanyaga mafuta. Vijana wangu, gari lile liliruka. Kwenye kona ambazo kwa maisha yake yote lilikuwa likizipita kwa kikohozi, lilijivuta kama limeshikwa mkono. Achieng' alipiga yowe, analia na kucheka.

"Fundi, kumbe inaweza hivi? Baba alikuwa anajua?"

"Alijua," nilimwambia. "Tulimwambia kila mwaka."

Tuliingia bomani wa kwanza, mbele ya pikipiki zote. Wanawake walikuwa wamejipanga langoni wakiimba, na wengi hawakugeuka, kwa sababu masikio yao yalikuwa yakingojea ile kelele. Mama Achieng' peke yake alituona. Alikuja mbio, akaligusa gari ubavuni, akalishukuru kwa Kijaluo, akanishukuru na mimi. Ahadi yake ilikuwa imetimia, na Jaduong' Ouma, aliyerudi nyuma yetu kwa pikipiki, alitikisa kichwa kwa kukubali.

Kisha Mama Achieng' akatega sikio. Injini ilikuwa bado inanguruma polepole.

"Hiyo si sauti yake," akasema. "Fungua boneti."

Nilitamani kusema baadaye. Nilifungua. Aliinama akatazama pale ambapo siku zote palikuwa na kile kitu kikubwa kinachong'aa, akaiona ile nyeusi ya gari la mikate, mdogo wake Owino, imekaa pale kwa adabu. Kwanza alicheka, cheko lililotoka tumboni, la kwanza tangu msiba. Akashika ukingo wa gari kwa mikono yote miwili.

"Kumbe amekufa kweli," akasema.

Ndipo akalia. Siku zote zile alikuwa akipika, akipanga viti, akipokea wageni, hakuna aliyemwona na chozi. Achieng' alimshika, na mimi nikasimama pale na sabuni mkononi, bila kazi.

Wiki iliyofuata alinipigia simu.

"Yuora, ile kubwa iko wapi?"

"Iko kwangu. Nimeifunga kwa blanketi yake."

"Irudishe kwa gari."

"Mama Achieng', haitatembea vizuri. Uliona mwenyewe."

"Niliona. Irudishe. Hii nyumba imenyamaza sana."

Nilienda. Hiyo ndiyo kazi yangu ya mwisho kabla ya kuwapa funguo, na katika maisha yangu yote ya kazi sijafunga kabureta kwa uangalifu kama siku ile. Nililinganisha makoo yote mawili kwa sikio, nikapanga pampu ndogo iliyo ndani yake irushe petroli kidogo zaidi ili kwenye kona isijikunje sana, nikaipangusa hadi ikang'aa. Achieng' aliwasha, akatoka nalo barabarani. Lilikohoa langoni, likafikiri, likaondoka. Kisha tukaisikia ile kelele, kutoka kwenye barabara iliyonyooka ya sokoni, Owino anapita. Mama Achieng' alikuwa amesimama mlangoni na sufuria mkononi. Alitabasamu, akarudi jikoni.

Kwa hiyo ulizeni injini inaishi wapi, tumieni sabuni, na mchague koo kwa ajili ya huko. Lakini mkipita Kosele mkaona saluni nyeupe inakohoa kwenye kona na msichana yuko usukani, msisimame kumpa ushauri. Kabureta yake ni kubwa mno. Najua. Niliifunga mimi.